Makande ya Watu Wasiokuja

Mimi si mtu wa kukaa. Hata sokoni Tunduma wateja wangu wa Zambia, ambao mama kwao ni bamayo, huniambia, "Bamayo, keti kwanza upumzike," nami huwajibu kwamba nikiketi mimi na biashara nayo itaketi. Kwa hiyo mama aliponipigia simu akasema, "Njoo kesho unisaidie kuchuma kahawa," nilijua kuna jambo. Mama hajawahi kunitoa sokoni kwa sababu ya kahawa.

Jambo lenyewe nilikutana nalo ndani ya basi, kabla sijafika. Kijiji chetu, huku juu Mbozi, kilikuwa kimeita lambalamba. Hao ni watu wanaozunguka na ngoma na mikoba ya dawa, wanadai wanawatambua wachawi kwa kuwatazama tu. Wakiingia mahali, kila kaya huchanga na kupeleka mtu uwanjani, na isiyopeleka imejitaja yenyewe. Wakishamnyooshea mtu kidole, vijana wa kijiji humalizia kazi. Nyumba inachomwa, mibuni inakatwa, na mwenyewe asipowahi kukimbia anauawa. Safari hii, walivyonong'ona kwenye basi, kidole kilikuwa kinaelekea kwa bibi jirani yetu. Wangempitia baada ya kutoka uwanjani, mchana huohuo.

Kosa lake lilikuwa kahawa. Msimu ule ugonjwa wa chulebuni uliingia mashambani na buni zikaoza zikiwa mitini. Yeye alipiga dawa mapema, wenzake wakangoja mvua ipungue. Yake ikazaa mpaka matawi yakagusa chini. Basi watu wakakaa, wakafikiri, wakaona jibu ni moja tu: bibi anahamisha kahawa za wenzake. Wahenga walisema mchawi mpe mwana akulelee. Mama alimpa mimi. Miaka yote ya utoto wangu, mama akienda kuuza viazi, nililala mgongoni kwa bibi yule, na sikuliwa hata ukucha.

Niliteremka kabla basi halijasimama vizuri. Njiani nilimpita mzee mmoja wa ng'ambo ya kijito, mfuga nyuki, mtu aliyefiwa na mkewe akabaki peke yake na mizinga yake. Alikuwa anaziba ufa wa mzinga. Nikamwamkia, akaitika, nikapita mbio.

Nilimkuta mama anafunga kikapu kiunoni.

"Mama, hujaambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Na bado unakwenda kwake?"

"Leo zamu ni yake," akasema, kama ananieleza kwamba leo ni Jumanne.

Kwetu wanawake huchumiana kahawa kwa zamu. Leo kwangu, kesho kwako, na mwenye shamba huwapikia wachumaji. Chakula cha zamu hakilali kwa mwenye shamba. Aliyeshindwa kufika hupelekewa chake nyumbani, na akikipokea maana yake bado yumo. Akikikataa amejitoa, na mwaka utakaofuata atachuma peke yake na watoto wake.

Nikamwambia mama tumchukue bibi twende naye Tunduma sasa hivi, nina chumba, nina godoro. Akasema alishamwambia, bibi amekataa. Akikimbia amekiri. Watachoma nyumba, watakata mibuni ambayo katikati yake amezikwa mumewe, halafu arudi wapi? Nikauliza kuhusu mtendaji wa kijiji. Mama alishampigia, naye akasema yuko Vwawa, kikao kirefu. Polisi wamesema watakuja. Hawakusema lini.

"Hawa watu hawamvamii aliyezungukwa," mama akasema. "Wanampenda aliye peke yake. Shamba likijaa wanawake, watapita."

"Na lisipojaa?"

Alikaza kamba ya kikapu. Alishika njia, na goti lake bovu, na mimi nikamfuata huku nikigomba. Niligomba njia nzima. Nilimwambia ana wajukuu, ana nyumba ya bati, lambalamba wakiandika jina lake moyoni hawatalifuta. Nilimwambia wateja wangu nusu ni watu wa huku huku, wakisikia nimekula kwa mchawi sitauza hata kitunguu. Yote yalikuwa kweli. Na yeye alikuwa anatafuta njia kavu ya kukanyaga.

Shamba halikuwa na mtu. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani, na pembeni yake kifurushi kimefungwa kwa kanga. Jikoni kulikuwa na sufuria kubwa ya zamu, ile ya masikio mawili, imejaa makande mpaka juu. Alikuwa ameyachemsha tangu jana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda. Tunduma hawali?"

Nilitaka kulia na nilitaka kumpigia kelele. Mtu anakaribia kuchomewa nyumba naye ananiuliza kuhusu mwili wangu. Nikamuuliza makande yote yale ni ya nani. Akanitazama kwa mshangao.

"Siku ya zamu nipike kidogo? Si watasema nimewafukuza?"

Tulichuma, sisi watatu. Nikawa nachuma nyekundu na kijani pamoja, mama ananichambulia kikapu. Kutoka uwanjani ngoma zilianza. Kila zikinyamaza nilisikiliza kama zinakuja. Nikaenda barabarani kuchungulia, nikarudi, nikaenda tena. Hakuna mchumaji hata mmoja aliyetokea.

Mama akaweka kikapu chini. "Chakula cha watu kitapoa," akasema. "Tuwapelekee."

Nilielewa mara moja. "Mama, tukigonga mlango wa mtu na chakula cha huyu bibi, leo, ngoma zikilia hivi, tumejitaja na sisi."

"Ndiyo."

"Watasema tunagawa uchawi."

"Ndiyo, mwanangu. Beba upande wako."

Nikabeba, bibi tukamwacha akichuma. Sijui kwa nini nilibeba. Nadhani ni kwa sababu asingeweza kuibeba peke yake, na nilijua angejaribu.

Mlango wa kwanza ulifungwa tukiwa bado uani. Wa pili mwanamke alisema kwa dirishani kwamba anaumwa. Ugonjwa huo ulikuwa umeshika kijiji kizima. Mama kila mlangoni alifanya vilevile. Alipakua bakuli, akala kijiko kimoja mbele ya mwenye nyumba kutoa sumu, akanipa na mimi kijiko, kisha akaliweka bakuli kizingitini. "Chako cha zamu hiki," alisema, na akangoja. Hakuhubiri. Hakumtetea bibi hata kwa neno. Alingoja tu, na kungoja kule ndiko kulikoniua mimi, kwa sababu ngoma zilikuwa zinakolea na yeye amesimama kama mtu anayengoja chenji.

Kwa mmoja aliyekataa kwa kicheko nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza mtoto wake wa kwanza alipokelewa na nani kama si bibi, hospitali iko mbali vile na mvua ile? Mama akanivuta kanga. Lakini mwanamke yule alikuwa ameacha kucheka. Aliinama, akachota, akala amesimama. Machozi yakamtoka huku anatafuna.

"Mume wangu ataniua," akasema.

"Basi usibaki nyumbani," mama akamjibu. "Chukua kikapu."

Akachukua. Tukawa watatu barabarani, na watatu si sawa na wawili. Mlango uliofuata mwenyewe alitoka kabla hatujagonga. Kiongozi wa kwaya ya kanisani, mwanamke ambaye alikuwa amejifungia tulipogonga, alitukuta njiani, akadai bakuli lake kwa hasira kana kwamba sisi ndio tuliomnyima. Hawakuja wote. Tulirudi shambani, na waliokuja walitosha kuonekana ukiwa barabarani. Mimi nilikuwa nimeshiba makande ya kutoa sumu hadi kooni.

Lambalamba walikuja na kundi la vijana nyuma yao, mapanga mkononi, wengine wana chupa za petroli. Mbele alitembea mkubwa wao, miwani myeusi, mkia wa ng'ombe mkononi. Nilishika tawi la mbuni nikaendelea kuchuma, sikumbuki nilichuma nini. Bibi alikuwa katikati yetu na gauni lake la kanisani, anachuma kwa haraka kuliko sote.

"Karibuni," mama akaita kutoka shambani. "Makande yapo."

Mkubwa alipunga mkia wake kuelekea nyumba. Lakini vijana hawakusogea. Walikuwa wanatazama mashina ya kahawa, na kati ya mashina walikuwa wanawaona mama zao, shangazi zao, mmoja mke wake, midomo bado ina mafuta ya chakula cha nyumba ile. Kijana mmoja alificha chupa nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa anaiba sukari. Kiongozi wa kwaya akamwita kwa jina la nyumbani, akamwambia kama hana kazi ashike kikapu. Kuna aliyecheka. Vijana wakageuka, lambalamba wakawafuata.

Sijui niliketi saa ngapi, lakini nilikuwa nimekaa, chini kabisa, kwenye majani. Bibi alinishika kichwa. Wanawake walianza kusema wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa, kila mmoja anadai hakuogopa. Mama alinyoosha goti lake akafumba macho. Nikamwona jinsi alivyokuwa anatetemeka, tangu lini sijui, na nikampenda kwa uchungu.

Kisha tukasikia kwamba ngoma hazikunyamaza. Zilikuwa zinashuka. Watu wale walikuwa wamelipwa kupata mchawi, na hawangeondoka bila mmoja. Zikavuka kijito, zikapanda upande wa pili, na wote tulijua upande ule anakaa nani: yule mzee mfuga nyuki. Hana mke, hana shamba la kahawa, hayumo kwenye zamu yoyote. Hakuna aliyewahi kumpelekea bakuli.

Wanawake wakatazama vikapu vyao. Na mimi, nasema ukweli, nilitazama njia ya kwenda kituo cha basi. Tulikuwa tumefanya yetu. Bibi alikuwa hai.

Mama akafumbua macho.

"Kuna kitu kimebaki kwenye sufuria?"

"Mama, umechoka. Na yule si jirani yetu."

"Ni wa nani?"

Nilikwenda nikafunua. Chini, kwenye ukoko, yalikuwepo ya kutosha bakuli moja. Mama alikuwa bado anahangaika kusimama, mkono kwenye bega la bibi. Sikumngoja. Nilifunga kanga, nikachukua sufuria peke yangu, na nikaanza kushuka kijitoni kwa mbio, nikisikiliza nyuma yangu kama kuna miguu inayokuja.