Papa wa Turubai

Shemeji yangu alishambuliwa na papa pale Kawe, Jumapili mchana, mbele ya mkewe. Alikuwa seremala, mtu wa Lindi, akifanya kazi kwenye karakana moja ya Chang'ombe. Baharini alikwenda kuoga tu siku za mapumziko. Maji yalikuwa yanamfika kifuani. Wenzake walimtoa akiwa hai, akafia njiani kabla hawajafika hospitali. Dada yangu alikaa eda kimya, chumbani kwetu Temeke. Hakulia. Wanawake waliokuja kumpa pole walitoka wakinong'ona kwamba ana moyo mgumu.

Mwaka uliofuata, wakati sabuni na sukari vilikuwa vya foleni, mjumbe wetu wa nyumba kumi alipita kutangaza kwamba kuna wazungu wanapiga filamu Kawe. Walitaka watu wa kukimbia na kupiga mayowe ufukweni, na kila mtu angepewa mche wa sabuni. Filamu yenyewe ilikuwa ya papa.

"Mie naenda," dada akasema.

"Unakwenda kutafuta nini kule, dada?"

"Sabuni." Akafunga kanga yake vizuri. "Na nikamwone."

Sikuweza kumwacha aende peke yake.

Wazungu walikuwa watatu, na gari moja bovu. Papa wao alikuwa wa mbao na turubai lililopakwa rangi ya kijivu, akivutwa kwa kamba. Kila wimbi lilipompiga alilala ubavu, misumari ya tumboni ikaonekana. Watu walicheka. Damu waliitengeneza kwa sukari na rangi, ndoo nzima, na nilimwona mama mmoja akichovya kidole na kulamba.

Dada alikaa mchangani akimtazama yule papa.

"Ndiye huyu?" aliniuliza.

Nikamwonyesha ile kamba.

Mkalimani, kijana aliyevaa miwani ya jua, alikuja kutafuta mwanamke wa kusimama mbele, afanye kana kwamba mumewe anatolewa majini. Akamchagua dada kwa sababu alikuwa hacheki. Nilimshika mkono dada, akautoa.

Walimlaza mwanamume mmoja mchangani, wakammwagia ile ndoo. Dada akapiga magoti, akaita jina la mumewe, jina lote, la baba na la babu. Halafu akalia. Vicheko vikakatika. Hata yule aliyelala akafumbua macho kwa woga.

Mzungu mwenye ndevu alifurahi. Akasema maneno, mkalimani akatafsiri: "Umefanya vizuri sana, dada. Anaomba tena, wingu lilifunika jua."

Akafanya tena. Na tena, mpaka sauti ikamkauka. Nikamfuata mkalimani.

"Huyu ni mjane kweli. Mumewe alijeruhiwa hapahapa."

Kijana alivua miwani, akamtazama dada kwa muda. Lakini hakumtafsiria mzungu.

Tangu siku ile dada akawa analia nyumbani, akiosha vyombo, akichambua mchele. Ndipo aliponieleza kilichomkaa moyoni: "Alininyooshea mkono kutoka majini. Nikadhani anacheza, nami nikampungia."

Miaka ikapita. Filamu ikaja kwenye ukumbi mmoja hapo Temeke, onyesho la mchana. Dada alitaka kwenda, tukaenda. Picha ilikuwa na mikwaruzo, na mpaka katikati watu walikuwa wanampigia papa miluzi. Kisha uso wa dada ukajaa ukuta mzima, mdomo wazi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mwingine, nyembamba, ikiita jina la kizungu. Ilichelewa, mdomo ukitangulia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Hiyo si sauti yangu," dada aliniambia gizani.

"Najua."

"Na huyo anayeitwa simjui."

Tulikaa mpaka mwisho, kwa sababu yeye hakuinuka. Papa alilipuliwa kwa baruti, vipande vya mbao vikaelea, watu wakapiga makofi.

Mwezi uliofuata dada alisafiri kwenda Lindi, kwa wakwe zake, awaeleze kwa mdomo wake mtoto wao alivyokufa. Wao walikuwa wamepelekewa salamu tu kwamba amefariki. Walimsikiliza, wakamwomba abaki. Akabaki, akilima mihogo nao, na hakuolewa tena. Kila nilipokwenda kumtembelea nilimkuta amekonda zaidi. Tulizungumza habari za mvua na za watoto wangu, huku tukimenya mihogo ya chakula cha jioni.