Siku Niliyomnyima Salimu Muhogo

Nakiri mbele yenu, na mcheke mkitaka: mimi, mtu wa kwanza mtaani kwetu kurudi kutoka Bombay na shahada ya uuguzi (niliisomea kwa jasho langu, nikibeba maji hospitalini miaka minne, na hadi leo imetundikwa ukumbini), ndiye niliyemkosesha binamu yangu Salimu kazi ya utarishi.

Kazi yenyewe ilikuwa kupeleka barua za serikali Mombasa kwa miguu, na Liwali alisema ataipata atakayeshinda mbio za kutoka forodhani hadi mto Sabaki na kurudi. Salimu alikuwa hamali, mchumba wake alikuwa amemngoja mwaka mzima apate kazi ya kudumu, na hapa Malindi hakuna kijana aliyewahi kumpita kwa mbio. Mimi ningenyamaza tu, angeshinda.

Asubuhi ile shangazi, mama yake, alimwekea muhogo wa nazi na dafu, kama siku zote. Nikaisogeza sahani kando.

"Muhogo ni wa kujaza tumbo," nikamwambia. "Nyama ndiyo ijengayo misuli. Na maji usiyaguse, yatakutia uzito."

"Mwanangu, hajazoea," shangazi akasema.

"Shangazi, mimi nina shahada."

Basi Salimu akala nyama ya mbuzi iliyokaangwa kwa samli, na mayai sita juu yake, bila tone la maji, akinitazama kama mtu anayenyweshwa dawa. Forodhani nikajisogeza karibu na Liwali, nikawaeleza watu (hakuna aliyeniuliza) siri ya mlo wa mkimbiaji, na nilipomwona Kazungu, kijana wa Vitengeni, akimalizia kipande cha muhogo wa kuchemsha, nikamnyooshea bakora: "Yule tumuage mapema."

Kazungu akarudi wa kwanza. Salimu akaja wa mwisho, anatembea, kajishika ubavu, akawapita watu wote hadi mbele yangu, akatapika juu ya viatu vyangu vya Bombay.

Liwali akavitazama viatu, kisha akanitazama mimi. "Daktari," akauliza taratibu, "hiyo ndiyo misuli?"

Nyumbani nikafungua kitabu changu cha uuguzi. Ukurasa ule wa nyama nilioutegemea ulihusu wagonjwa waliokonda kitandani. Wa pili yake, ambao sikuwahi kuufikia, ulieleza kuwa wanga ndio kuni za mtu anayekimbia, kwamba maji asinyimwe, na kwamba nyama na mafuta hukaa tumboni saa nyingi. Shangazi aliyajua hayo bila kitabu.

Salimu alioa miaka mitatu baadaye (mchumba yuleyule, kwa bahati), angali hamali, na hajanitajia habari ile hata mara moja. Mimi nimeapa kutogusa tena sahani ya mtu anayejua anachokula. Na kila Kazungu aniletapo barua kutoka Mombasa, hunikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kisha huuliza:

"Daktari, leo umekula nini?"

"Muhogo," humjibu, na huwa ni kweli.