Vidato vya Sajini

Kila ninaponusa majivu yaliyolowa mvua, husimama nilipo. Harufu hiyo hunirudisha Kisondela, kwenye mteremko nyuma ya nyumba yetu mpya, mwaka tuliohamia kijiji cha Ujamaa. Tulitolewa bondeni, kwenye migomba na kijito, tukapandishwa juu kando ya barabara, ambako nyumba zilipangwa mstari mmoja kama madawati. Kati ya huko juu na mahame yetu palikuwa na ngazi ya udongo yenye vidato arobaini na kimoja, iliyochongwa kwa jembe na kuzuiwa kwa vipande vya mianzi. Ilikuwa kali kiasi kwamba watu wazima waliipanda wakiwa wameshika magoti. Ukungu ulipotanda hukuona hata kidato cha tano mbele yako.

Sajini alibaki chini. Alikuwa mbwa wa marehemu babu, ambaye vitani alikuwa askari wa kawaida tu, na nadhani alifurahia kuwa na sajini wa kumwamrisha. Sasa mdomo wake ulikuwa na mvi na miguu yake ya nyuma ilitetemeka. Kila siku nilimshushia makombo, na hakuna aliyejali, mpaka mtoto wa kijiji cha jirani alipoumwa na mbwa mwenye kichaa, akafa. Jumatatu balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango. “Ndugu zangu, Jumamosi wenye bunduki watafika. Mbwa atakayekutwa amefungwa nyumbani kwa mwenyewe, atachanjwa. Atakayekutwa mahameni, msinilaumu.” Kesho yake tukaanza kusikia milio kutoka vilima vya mbali, na kila siku ilisogea.

Nilimwomba baba ambebe. “Mtu mzima nibebe mbwa, kijiji kizima kinanitazama?” alisema huku akicheka. “Ana miguu minne huyo, apande mwenyewe.” Jioni ile nilimchukia baba yangu, sifichi.

Aliyenisikia ni mama. Alichana kanga kuukuu, akanionyesha jinsi ya kuipitisha chini ya tumbo la mbwa, karibu na miguu ya nyuma, nikamshikilia kwa juu. Ndivyo alivyomtembeza babu siku zake za mwisho. “Usimvute shingo,” alisema. “Ukimvuta atagoma, halafu atateleza. Mwinue nyuma, mbele atajipeleka mwenyewe.” Tulimwaga majivu kwenye kila kidato ili makucha yashike. Nilitembea upande wa chini, ili akianguka aniangukie mimi, na kila kidato niliweka kipande cha kiazi kitamu. “Mguu mmoja kwanza, Sajini. Haya, na huu.” Jumanne alipanda vidato vitano, akalala chini akihema. Jumatano alifika katikati. Alhamisi alasiri, mvua ikinyesha, alitokeza juu kwenye uwanja wetu akasimama anatetemeka, nami nikalia kwa furaha.

Mama alimtazama muda mrefu. “Sasa mfundishe kushuka,” alisema. “Mbwa mzee anavunjikia kwenye kushuka.” Kwa hiyo Ijumaa nzima nilimfundisha kushuka. Nilitangulia mimi, kifua chake kikiegemea mkono wangu, nikimpitisha kwa kukatiza kutoka pembe hadi pembe ya kidato. Kufikia jioni kanga ilikuwa imelegea mkononi mwangu, anashuka mwenyewe. Nilitamba sana. Mama hakutabasamu, alikuwa anasikiliza, maana siku ile milio ilitoka kilima cha ng'ambo.

Jumamosi asubuhi baba alimfunga kwenye nguzo ya jiko kwa kamba ya mgomba, kwa huruma, maana katani ingemkata shingo. Kisha watu wote tukaenda kulima shamba la kijiji, kama ilivyoamriwa. Mlio wa kwanza uliponifikia ukitoka upande wa kwetu, nilitupa jembe nikakimbia. Kamba ilikuwa imetafunwa. Kwenye majivu ya ngazi nyayo zake zilionekana wazi, zikikatiza kutoka pembe hadi pembe, pasipo alama hata moja ya kuteleza. Nilikuwa sijafika katikati mlio wa pili uliposikika chini yangu.

Alilala mlangoni pa nyumba ya zamani, mahali babu alipozoea kuota jua. Balozi, aliyewaongoza wenye bunduki, alishindwa kunitazama. “Niliwaambia, mwanangu,” alisema polepole. Kwa miaka mingi nilimlaumu mama moyoni, na hilo bado linaniuma, kwa sababu alichoniambia kilikuwa sahihi kabisa.

Leo ninaishi Msasani ya hapa Tukuyu. Mbwa huchanjwa mchana kweupe, watu wakipiga soga kwenye foleni, na hakuna anayeshtuka. Nyumba yangu iko juu ya duka, na ngazi yake ya saruji ina chuma cha kushikilia. Mbwa wangu naye amezeeka. Mjukuu wangu huniuliza kwa nini simfundishi ngazi, nami ndiye ninayejua namna. Asubuhi na jioni ninambeba, magoti yakinilalamikia, mtaa mzima wa Msasani ukinitazama na kucheka.