Ng'ombe wa Mnadani Walivyofungua Uwanja Wetu

Jamani, hii nilishaapa kutoisimulia, maana aibu yake bado inanichemsha masikio, lakini kwa kuwa Bariadi nzima inaijua na kila anayeisimulia anaiongezea mkia na pembe, bora mnisikie mimi mwenyewe niliyekuwepo, tena nikiwa nimevaa suti.

Kwanza mnifahamu vizuri. Niliondoka Nkoma na begi la kuazima, nikabeba zege Dar es Salaam, nikawa nasoma jioni baada ya kazi mpaka nikapata stashahada ya ujenzi, na hakuna mjomba wala shangazi aliyenilipia ada (wapo wanaosema walinilipia, hao mkiwasikia chekeni tu). Nikarudi nyumbani kwa hiari yangu, nikajenga hapa Bariadi, na mtaa wetu ulipopata ruzuku ya kukarabati viwanja vya michezo kwenye bustani ya wananchi, msimamizi akatafutwa nani? Sipendi kujisifu, lakini walinijia mimi.

Ruzuku ilikuwa ya awamu mbili. Kwanza uwanja wa mpira wa miguu, halafu mgeni kutoka kwa wafadhili aje aukague, na akiridhika ndipo atoe kibali cha awamu ya pili, yaani uwanja wa netiboli wa akina mama. Hapo ndipo palipokuwa na moto, kwa sababu kapteni wa netiboli ni dada yangu Holo, mtoto wa mama mkubwa, mwenye duka la vitenge sokoni na mdomo usiokuwa na breki. Timu yake ilikuwa inachezea kipande cha ardhi kilichojaa mbigiri, mtu anaruka kudaka mpira akiwa mzima, anatua akichechemea.

"Ngosha," Holo aliniambia (ndivyo sisi Wasukuma tunavyoita mwanaume), "wanaume mmeanza kutengenezewa, sisi tumenyamaza. Sasa ukituharibia siku ya ukaguzi, hata maji ya kunywa usije kuomba dukani kwangu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mbele yake amesimama mtaalamu. Na kweli kazi ilikuwa imekaa. Ule udongo mweusi wa mbuga tuliuondoa, tukamwaga kifusi, tukashindilia, tukachimba mitaro, nyasi tukapanda kwa mkono shina kwa shina mpaka zikashikana, magoli ya chuma yakasimama wima. Uzio tu ndio haukuwepo, tulikuwa tumepanda michongoma ambayo bado ilinifika kwenye goti.

Basi, jioni ya kuamkia ukaguzi mvua ikanyesha, ikafuta mistari yote. Asubuhi naangalia chokaa iliyobaki, haitoshi hata kuzunguka goli moja. Mtu mwingine angechora mistari michache akaomba radhi. Mimi nikakumbuka kwamba mafundi wa rangi huwa wanatia chumvi kidogo kwenye chokaa ili ishike ukutani, nikasema hapa ndipo elimu inapofanya kazi, nikaenda duka la mifugo nikanunua ile chumvi ya mawe, nikaitwanga, nikaichanganya na chokaa. Walisema kidogo, mimi nikaweka nyingi kuliko chokaa yenyewe. Mistari ikatoka inameta! Nikajifuta mikono kwenye suruali (kosa jingine hilo, mtaona), nikavaa koti na tai, nikasimama katikati ya uwanja nikijitazama kama vile nimejengwa na mimi nikamalizika.

Holo alipofika akainama. "Hii chokaa mbona ina chenga?"

"Ni ya kisasa, dada. Wewe pima vitenge."

Mgeni akaja, mama mmoja mtaratibu anayeitwa Bi. Teddy, tukamweka kwenye turubai pamoja na diwani na wazee wa mtaa. Nikaanza hotuba. Nilikuwa nimefika pale ninapoeleza nilivyosoma kwa taa ya chemli nilipoona watu hawanitazami tena, wanatazama nyuma yangu.

Ilikuwa siku ya mnada. Mimi, niliyezaliwa Nkoma, niliyechunga ng'ombe wa baba mpaka nikajua kila mmoja kwa sauti, nilikuwa nimesahau siku ya mnada na nimesahau kwamba ng'ombe wanaopelekwa mnadani wanapita barabara ile ya kando ya bustani! Wa kwanza alinyanyua pua, akavuka michongoma kama anavuka kizingiti cha kwao, akashusha kichwa kwenye mstari wa pembeni, akalamba. Wenzake wakafuata. Na hawakutawanyika hovyo, hapana, walijipanga kwenye mistari, wengine mstari wa kati, wengine wakazunguka duara, na dume moja la nundu likasimama peke yake kwenye alama ya penalti.

Nikamkimbilia mwenye mali, mzee mwenye fimbo. Sasa ninyi mnajua kwetu, huwezi kumfokea mzee kabla ya salamu, hata kama nyumba inaungua.

"Ng'wangaluka, bhabha!"

"Ng'wangaluka, ng'wanawane. Wewe ni wa kwa nani?"

Nikamtaja baba. Akauliza babu. Nikamtaja babu. Akafurahi, kumbe alimfahamu, akaanza kuuliza habari za mama, za mvua, za pamba, nami najibu moja moja kwa adabu huku nyuma yangu boksi la penalti linaliwa.

"Bhabha, naomba uwaondoe ng'ombe."

"Ng'ombe aliyeonja chumvi ataondokaje?" akasema. "Asante kwa kuwakirimu. Watafika mnadani wananawiri."

Wakati huo nikahisi kitu cha joto na cha kukwaruza kwenye paja. Ng'ombe wa madoadoa alikuwa analamba suruali yangu. Nikarudi nyuma, akanifuata. Nikaongeza mwendo, wakaja watatu. Nikatimua mbio, na mtu anayekimbia hachagui, nikajikuta naingia turubai la wageni nikiwa na kundi zima nyuma yangu! Viti vya plastiki vikaruka, diwani akapanda juu ya meza, soda zikamwagika, akina mama wa netiboli wakacheka mpaka wakashikana.

Bi. Teddy hakuinuka. Alikumbatia mkoba wake, akaniuliza, "Msimamizi, kwani hawa mnafahamiana?"

Holo akachovya kidole kwenye ndoo ya chokaa iliyobaki, akaonja, akatema. "Chumvi! Ngosha, umewaandalia karamu!" Akakimbilia duka la mifugo, akarudi na chumvi kwenye karai, akalitikisa huku anaita kwa ule mwito wa kijijini, timu yake ikaitikia, na ng'ombe wote wakageuka wakawafuata taratibu hadi ng'ambo ya barabara.

Nikabaki na suruali iliyolowa mate, nikijua awamu ya pili nimeiua mwenyewe. Bi. Teddy akaomba aonyeshwe wanapocheza netiboli. Akapiga hatua chache, akapiga kelele, mbigiri imepenya kwenye kiatu. Holo akamchomolea na kumwambia, "Sisi tunaruka hapo, mama." Basi. Hakuongeza neno, na kwa Holo hilo ni muujiza.

"Nitapitisha," Bi. Teddy akasema, "ila uzio utangulie. Na nani atasimamia?"

Wazee wakaangalia viatu vyao. Mimi nikaangalia vyangu.

"Huyu huyu," Holo akasema. "Tazameni uwanja. Jana mvua, leo kundi zima la ng'ombe limepita, na hakuna kwato iliyozama. Kujenga anajua. Chokaa tu asiishike."

Na ndivyo ilivyokuwa. Uzio upo, uwanja wa netiboli upo, hauna mbigiri hata ya dawa, na timu kutoka Lagangabilili na Nyashimo zinakuja kuchezea hapa na kuuliza nani ameujenga. Mimi huwa naanza kujibu, lakini sijawahi kufika kwenye stashahada, Holo ananikatisha na kuwasimulia habari ya ng'ombe, na lazima niwaambie ukweli, siku hizi nacheka pamoja nao. Cheti changu bado kipo ukutani na sikishushi. Lakini nimeapa, maadamu naishi Usukumani, sitaweka kitu chochote ardhini kabla ya kujiuliza kwanza kama ng'ombe anakila.