Kampuni Ilivyohamia Barazani kwa Fundi
Ijumaa nilikuwa nasubiri shati langu kwa fundi cherehani, mama mtu mzima anayeshonea barazani mwa jengo moja tupu katika mtaa wetu uliopoa, hapa Shinyanga mjini. Lori likaja kushusha meza na makabati: kampuni ya vifaa vya migodini imehamia jengo hilohilo kutoka Geita. Mama akaanza kufungasha vitambaa vyake. Mara meneja akatoka, ameziba nyuma ya suruali kwa faili.

"Shikamoo mama. Mbona unafungasha?"

"Marahaba. Si mnanifukuza?"

"Nikufukuze, halafu hii atanishonea nani? Imechanika nikibeba kabati."

Mama akashusha pumzi, akampa kanga ajisitiri. "Basi kaa hapo, baba. Namalizia kwanza shati la huyu."

Ndivyo meneja alivyoripoti kwenye kituo chake kipya cha kazi: amejifunga kanga, wa pili kwenye foleni.