Nishani za Berlini

Hashil bin Hamud alikuwa na duka la nguo Mtaa wa Msimbazi, na kila alasiri wanywa kahawa walikusanyika barazani kwake kusikia habari za dunia. Kurani aliisoma, na barua za Kiswahili aliziandika kwa herufi za Kiarabu, hati nzuri ajabu. Lakini herufi za Kizungu hakujua hata moja. Hilo alilificha. Akipata gazeti la Kiingereza, alilifunua, akakunja uso, akatunga.

Mwaka ule wa 1936, Agosti ikiisha, ubishi ulikuwa juu ya michezo mikubwa ya Berlini: taifa gani limezoa nishani nyingi? Mzee Melkiori, aliyekuwa askari wa Wadachi, yaani Wajerumani, wakati wa vita, alisema hakuna wa kuwaweza nyumbani kwao.

"Hebu tutazamie, Bwana Hashil," wenzake wakasema.

Hashil akalifunua gazeti la Kiingereza, akalitazama jedwali la nishani. Tarakimu alizijua, biashara ilimfunza: thelathini na tatu juu, ishirini na nne chini yake. Majina ndiyo yaliyomshinda. Akawaza, anayetutawala ndiye atakayekuwa juu.

"Mwingereza wa kwanza," akasema. "Mdachi hafui dafu."

Baraza likaangua kicheko. Utamu wa kusikilizwa ukampanda kichwani, akaongeza: "Mzee, hao wako walishafungasha virago zamani. Nawe ungefuatana nao."

Melkiori akaweka kikombe chini, akashika bakora yake, akaenda zake.

Kesho yake akapita Elisaria, karani wa forodha, Mchaga, kununua kitambaa cha suruali. Akaliona gazeti mezani.

"Lo, Wadachi wametamba! Dhahabu thelathini na tatu. Wamarekani wa pili. Waingereza wako wapi… hawa hapa chini, nne tu!"

Uso wa Hashil ukawaka moto. Alikata kile kitambaa kombo.

Alimkuta Melkiori chumbani kwake, nyuma ya soko, akishona kiatu.

"Shikamoo, mzee. Wadachi ndio wa kwanza. Nilikosea."

"Ulikosea kusoma?"

Angeitikia tu, yangeisha. "Sijui kuzisoma herufi zile," akasema.

Melkiori akavuta uzi wa kiatu. "Unadhani nafurahi? Wadachi walinichapa viboko kabla ya kunipa bunduki. Mimi nilisema ninachokijua, ukanifanya kichekesho mbele za watu."

"Nisamehe, mzee."

"Nimesikia. Lakini sikuchekwa humu chumbani."

Basi alasiri ile Hashil akasimama barazani, akasema yote. Hakucheka mtu, na hilo likamuuma zaidi. Kisha Tarsis, fundi seremala, akauliza polepole: "Na vita vya Uhabeshi? Ulitusomea kila siku kwamba Wataliani wanatimuliwa, nasi tukiwaombea Wahabeshi, mpaka mji wao ukatekwa. Hayo nayo uliyatunga?"

"Nayo," Hashil akajibu, macho chini.

Tarsis akainuka bila kuaga.

Toka hapo gazeti alilisoma Elisaria akitoka kazini. Melkiori alirudi kunywa kahawa. Hashil alikaa mwisho wa jamvi, akisikiliza, na habari ikija ya kutia shaka hakuna aliyegeuka kumtazama.