Uso Mweupe Nyuma ya Nyumba Yetu

Juzi, hapa Bombambili, mjukuu wangu alitoka chumbani amejipaka rojo nyeupe ya gome la mti uso mzima. Nilishtuka nikamwaga chai.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, kijijini Mpitimbi: nilirudi na mbuzi nikasikia jiwe likikwaruza jiwe nyuma ya nyumba. Kulinukia gome la mti lililolowa. Mwanamke nisiyemjua akageuka. Uso wake ulikuwa mweupe kama majivu, na mgongoni alikuwa amembeba mdogo wangu, kimya kabisa.

Watoto tuliamini wafu ndio wenye uso wa namna ile. Nikajua mdogo wangu kashachukuliwa. Mkojo ukanitiririka.

“Mama, mfu amembeba mtoto,” nilinong’ona mama alipofika na kuni.

“Nimempa mimi, mtoto kalala. Yeye na wenzake wamekimbia vita ng’ambo ya mto Ruvuma, na hilo gome wanalosaga ni urembo wao. Mwamkie.”

Sikuweza. Mama akacheka. “Hata babu wa babu yako alitokea huko huko kusini, wenyeji wakamkimbia hivyo hivyo.”

Yule mwanamke akaninyooshea kidole chenye rojo, anipake shavuni. Nilipiga yowe, nikajificha kwenye zizi la mbuzi. Aliishi jirani nasi miaka mingi, na sikumpa shikamoo hata mara moja. Hilo linanichoma.

“Umejifunza wapi urembo huo?” nilimuuliza mjukuu wangu hiyo juzi.

“Si wa kwetu Wangoni huu, babu? Tangu zamani.” Akaninyooshea kidole cheupe.

Safari hii nilimpa shavu.